Uthibitisho wa Kurudi

Lushinge kaamka na mji mdomoni: Venisi.
Kauokota kwenye kalenda ya duka la dawa, Misungwi,
ukurasa wa Agosti, nyumba zimesimama majini hadi magotini
kama wanawake wanaofua.
"Ijumaa tunaondoka, Jumatatu tumerudi."
Mimi namenya viazi, namwachia aseme.
Kiinua mgongo chake kiko benki bado, kizima kama yai.

Tangu daraja lifunguliwe, mume wangu hana maji.
Miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa kamba kivukoni,
anairusha Kigongo, anaikunja, anairusha Busisi.
Sasa malori yanapita juu, dakika chache, hayana salamu,
na mimi niliyeishi kwa foleni,
mayai ya kuchemsha, karanga, chumvi kwenye kipande cha gazeti,
nimekuja kujua kuwa duka langu lilikuwa subira ya watu.
Sililaumu daraja. Mjamzito wa Sengerema halilaumu.

"Huko," ananiambia, "madaraja ni mia nne.
Mia nne, mama Nyanzobe! Na bado watu wanapanda mashua."
Anasema polepole,
kama anayesomewa hukumu iliyompa haki.
Anataka kuona tu
daraja na chombo wanavyoishi boma moja,
wake wenza waliopatana.

Basi tukapanga,
nyuma ya kitabu cha tiketi ambazo hakuna wa kuzikata.
Jumamosi asubuhi: kusimama gatini.
Gatini kufanya nini?
"Kumtazama wa kamba. Nione anafunga fundo gani."
Jumamosi mchana: chakula. (Hapa tuliiona bei, tukanyamaza.)
Jumapili: misa, halafu kupotea.
Wanasema mji ule ukipotea unatokea majini,
na Lushinge akacheka: huko ni kupotea au kufika?
Nikaandika soksi.
Nikaandika makoti ya mitumba, Mlango Mmoja, mawili.
Nikaandika dagaa kidogo, nikafuta,
nikaandika tena.

Jumapili Nyanzobe kaja kutoka mjini na fomu kwenye simu,
anasoma, anatufasiria.
Kazi?
"Mvushaji," kasema baba yake.
"Baba, kazi hiyo imeshakwisha."
"Andika."
Akaandika. Akateremka na kidole, akasita.
"Wanataka uthibitisho kwamba mtarudi."

Hati ya nyumba? Nyumba ni ya ukoo.
Barua ya mwajiri? Mwajiri amefungwa kwa mnyororo pale ufukweni,
kutu inamla kuanzia tumboni.
Kuku akaingia, akatutazama mmoja mmoja, akatoka.
Ndipo niliposema, viganja vinanuka kitunguu:
waandikie mtu huyu, kwa miaka ishirini na sita,
mara nane kwa siku aliondoka hapa,
dhoruba ipo, dhoruba haipo.
Waandikie kila mara alirudi.
Piga hesabu, uwaambatanishie.

Nyanzobe kapiga. Toa likizo, toa siku za malaria,
toa ile wiki injini ilipogoma:
elfu sitini na mbili na ushei.
Akaishika simu kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.
"Mama," akasema, "hawakuweka nafasi ya kuandika hiyo."

Leo saa nne, jua limekaa juu ya mawe,
nimemkuta kwenye gati lililolala.
Kavaa koti, vifungo vyote hadi shingoni,
jasho linamtiririka mpaka kidevuni,
mikono inafunga fundo kwenye kipande cha kamba,
inafungua, inafunga.
Wewe, utakufa na joto.
"Nalizoesha," akasema.

Nikarudi nyumbani nikachukua langu.